Maji Kimya

Tarehe 2, Mwezi wa Mawingu

Mvua ya kwanza imenyesha kabla chai haijapoa, ikakatika. Nimeanua nguo, nimeinua magodoro juu ya matofali, nimesogeza gunia la mkaa mbali na mlango. Dada anasema najiandaa kama mtu anayeweza kufa. Nimemjibu kwamba ni kweli hakuna anayekufa hapa, lakini magodoro yanaoza.

Tarehe 5

Kazi imeanza. Nimewapima wapokezi wote wa mtaa wetu pale uani, mmoja baada ya mwingine. Utaratibu ni uleule wa miaka yote: mtu anaketi, namwekea beseni la maji mapajani, nasubiri. Mwili mwepesi hautulii. Hata mtu akibana pumzi, damu yake inagonga na maji yanatetemeka. Huyo namwandikia "yanacheza." Aliyekwisha kupokea mizigo mingi, maji yake hutikisika pembeni tu. Huyo ni "yametulia." Halafu kuna "maji kimya." Huyo hapimwi tena. Anabebwa kwenda ukumbini, chini ya ukuta, kukaa na wengine walioganda.

Kicheko amekuja wa mwisho, kama kawaida yake. Alicheka hadi maji yakamwagikia viatu vyangu.

"Andika, shemeji: yanacheza, yanaimba, yanatafuta mchumba."

Mimi si shemeji yake. Anamchumbia Dada tangu kabla ukuta haujainuliwa mara ya pili, na kila mwaka Dada humwambia atamfikiria mvua zikiisha. Sufuria yetu kubwa aliiazima karne iliyopita na mpaka leo hajairudisha. Ni mtu wa kelele, hana haya, na nadhani hana akili nyingi.

Dada nimempima nyumbani. Yametulia. Nimebadilisha maji, nikapima tena. Yametulia.

Tarehe 6

Mvua imegoma, sina kazi. Nitaandika hapa tulivyofundishwa shuleni, nione kama bado naamini.

Mnenaji husema neno, na jiwe hupanda, ufa hufunga, mto hurudi nyuma. Lakini kazi ya kuinua jiwe haipotei kwa sababu limeinuliwa kwa neno. Uzito wake lazima umwangukie mtu. Mnenaji humnyooshea kidole mpokezi, mpokezi huitika "Leta," na uzito unamwingia yeye. Hautoki tena. Huanza vidoleni, hupanda magotini, kiunoni, shingoni. Ulimi huwa wa mwisho. Kwa kuwa hatufi, mtu aliyejaa hafi pia. Anaganda tu.

Neno lisiloitikiwa na yeyote humrudia aliyelisema. Uwanjani kwetu shuleni alikuwepo mmoja wa namna hiyo, mnenaji wa zamani aliyesema neno kubwa katika mtaa mtupu. Mdomo wazi, mkono umenyooka. Tulikuwa tunautundikia mikoba yetu.

Tuliuliza: sasa kwa nini wapokezi wasinyamaze? Mwalimu alisema fungueni dirisha. Tukafungua. Nyumba zote zilizo chini ya ukuta ni za wapokezi. Walio juu mlimani ni wanenaji. Mtu akinyamaza, mto unaingia jikoni kwa mama yake, na mama yake hatakufa humo majini, atabaki akiyanywa.

Na tabaka mtu hulipataje? Kila mtoto hupelekwa mbele ya mnenaji, akasemewa neno dogo, la kuinua kijiko. Anayelirudia neno ni mnenaji. Anayeitika ni mpokezi. Anayenyamaza ni mpimaji, huyo husomeshwa. Mimi nilinyamaza kwa woga. Dada aliitika, kwa sababu mama alimfundisha kwamba mtoto mwenye adabu huitika.

Naona naamini yote. Kinachonisumbua ni kile kijiko.

Tarehe 9

Radi kubwa mchana. Dada alikuwa anaosha vyombo, akaitika "Leta!" bila hata kugeuka. Wapokezi wote wako hivyo: mlango ukibamizwa, sahani ikianguka, wanaitika. Kicheko akapaza sauti kutoka dirishani kwake: "Nikuletee nini, mpenzi?" Dada akasema, "Sufuria yangu." Dirisha likafungwa.

Tarehe 14

Nimepanda mlimani kwa mnenaji wetu kumwombea Dada mapumziko. Ana uso wa kijana asiyeota ndevu vizuri, ingawa ni mkubwa kuliko ukuta. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai mwenyewe, akauliza habari za nyumbani. Nikamsomea vipimo vya mtaa. Nikamwambia kuna mmoja ambaye maji yake yametulia, naomba asiitwe msimu huu.

"Ukimpumzisha, mzigo unapungua?"

"Haupungui, mheshimiwa."

"Basi nifikirie na wewe, Mpimaji. Kuna gunia limekwisha kufunguliwa, na kuna magunia mazima. Mke wako anaanza lipi?"

"Sina mke, mheshimiwa."

"Lakini umenielewa." Alisema kwa upole kabisa. "Huyo akimalizika, wengine watabaki wazima hadi mwakani. Nashukuru umenitajia. Wapimaji wengi huficha."

Nimeshuka na mvua. Vipimo vyangu havijawahi kukosea, na leo nimemnyooshea kidole dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Tarehe 15

Mvua.

Tarehe 17

Dada ameitwa ukutani asubuhi na mchana.

Tarehe 18

Ameitwa tena. Kijiko kimemponyoka mezani. Tulikitazama wote wawili. Nimemlisha uji.

"Usiniangalie kama unanipima," akasema.

Tarehe 3, Mwezi wa Maji

Sasa hapandi ngazi bila kushikwa. Kicheko amejitolea kupokea kwa niaba yake, lakini mnenaji hachagui anayejitolea, humchagua amtakaye yeye. Kicheko alimbeba kutoka ukutani mgongoni. Nilitembea nyuma yao na mwavuli. Alikuwa anamwambia, "Umenenepa, wewe. Unakula nini huko kwenu, au ndiyo kile nilichopikiwa mimi kikaliwa na shemeji?" Dada alicheka. Nilisikia kicheko chake kinavyochelewa kutoka, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa maji.

Tarehe 4

Nimepata namna ya kumtoa Dada. Si kwa kusema maji yake yanacheza, hilo mnenaji hataliamini. Nitaandika "maji kimya." Nitamtangaza ameganda kabla hajaganda.

Aliyeganda haitwi. Anawekwa ukumbini kwenye benchi, na mwenye funguo za ukumbi ni mimi. Mimi ndiye ninayewaosha, ninayewageuza wasioze upande mmoja, ninayewafuta vumbi machoni. Hakuna mwingine anayependa kuingia humo. Kinachotakiwa ni Dada akae bila kutikisika mchana, watu wanapopita mlangoni. Jioni nitafunga, atanyoosha miguu, atakula. Mvua zikiisha tutajua la kufanya.

Nilimwambia Dada mpango huo.

"Na mzigo wangu atapokea nani?"

"Watapokea wengine."

"Hao wengine wana nyuso, mdogo wangu. Unawapima kila mwaka."

Nikamwambia nimemwomba mambo machache tangu tuzaliwe. Nikamwambia nyumba itakuwa na mtu mmoja na sahani mbili. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia katika karne nzima. Mwishowe akasema, "Sijakubali. Nimechoka tu." Nikasema hiyo inatosha.

Tarehe 5

Tumempeleka juu ya ubao wa mlango, watu wanne. Alikaza macho kama walioganda wenyewe. Nimempa nafasi kwenye benchi la kwanza, karibu na mlango, apate hewa. Nimemwekea beseni la maji mapajani, kama tunavyowawekea wote wanaoletwa, ili wapitao mlangoni wajionee. Kicheko alishika kona ya ubao, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Tarehe 6

Sasa anayeitwa ukutani ni Kicheko. Na mwashi mmoja anayekaa mwisho wa mtaa. Lakini zaidi Kicheko.

Tarehe 8

Dada anasema mchana humo ndani ni mrefu. Anasema wakati mwingine radi ikipiga anahisi benchi zima limeshtuka. Nimemwambia ni ukuta unaotikisika, benchi limeungana nao. "Labda," akasema. Nimemkanda magoti. Nimemkumbusha asiitike hata paa likianguka. Akasema amejifunga kitambaa cha mawazo mdomoni. Sikuelewa, lakini alionekana kufurahi.

Tarehe 12

Kicheko ameomba kuingia ukumbini. Sikuwa na sababu ya kumkatalia. Alikuja akijikokota, goti la kulia halikunji tena. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele ya Dada. Mimi nilijifanya nafuta madirisha.

"Nimekuja na jambo," akamwambia. "Mwaka huu nimeona nisisubiri mvua ziishe, maana kila zikiisha unasahau. Kwanza, sufuria. Sufuria ninayo. Sijaipoteza. Nilijua siku nikiirudisha sitakuwa na kisingizio cha wewe kunisema dirishani. Pili, nataka unioe. Ndiyo, wewe unioe mimi. Mahari nitajitolea mwenyewe, nitajipokea mwenyewe, nitajipigia vigelegele."

Nilitazama beseni. Maji yalikuwa yanatetemeka katikati, miduara midogo midogo, hadi ukingoni.

Kicheko naye alikuwa anayatazama. Kisha akainama, akapuliza juu ya maji taratibu, kama mtu anayepoza uji, ili mtu yeyote aliyepo mlangoni adhani ni pumzi yake.

Aliponipita akanishika bega.

"Shemeji, huyu wako ameganda vizuri sana. Mtunze."

Nje kule alinyooshewa kidole mara mbili mchana huo kwa mizigo iliyokuwa ya Dada, na aliiitikia yote miwili huku akicheka. Nafuta nilichoandika tarehe 5 ya mwezi uliopita kuhusu akili zake.

Tarehe 15

Mvua haijakatika tangu juzi.

Tarehe 16

Mvua.

Tarehe 19

Mto umefika alama ya mafuriko makuu. Wapokezi wamelala ukutani. Nimewapima humo humo mvuani, mabeseni yanajaa kabla sijasoma. Nimeandika "yametulia" kwa karibu kila mtu. Nimechelewa kwenda ukumbini. Dada alikuwa na njaa, na alinikasirikia kwa sababu ya Kicheko, si kwa sababu ya njaa.

"Ukimmaliza huyo kwa ajili yangu," akasema, "nitaitikia hata chafya."

Tarehe 21

Mikono yangu bado ina matope ninapoandika. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi ufa ulifunguka katika ukuta, juu kabisa ya paa la ukumbi. Maji yalianza kutoka kama kamba, kisha kama mkono, kisha kama mtu. Mnenaji alikuwa amesimama kwenye ngazi zake. Chini yake wapokezi walijipanga, na sisi wapimaji pembeni. Alisema neno, akamnyooshea mwashi. Mwashi aliitika, akaganda palepale kwa kusimama, mvua ikimtiririka. Akasema neno jingine, akamnyooshea Kicheko. Kicheko aliitika, akapiga magoti. La tatu pia akampa Kicheko. Ufa ulisita, ukafunguka tena.

Mnenaji alishuka mbio. Sijawahi kuona mnenaji akikimbia. Alisimama mbele ya mlango wa ukumbi kwa kuwa ndipo ufa ulipokuwa juu yake, akainua mikono, akasema neno kubwa. Hakuwa na nafasi ya kumnyooshea mtu. Alilisema tu, kwa sauti yote, akitegemea adabu yetu.

Hakuna aliyeitika.

Hawakukataa. Ningependa kuandika kwamba walikataa. Walikuwa wamechoka, midomo imekuwa mizito. Nilimwona Kicheko akiufungua mdomo, taya likitetemeka, ulimi haumfuati. Ilikuwa kitambo kidogo sana. Vidole vya mnenaji vilianza kuwa vyeupe kuanzia kwenye kucha, na nikaikumbuka mikoba yetu pale shuleni.

Ndipo nyuma yake, kutoka ndani ya ukumbi, sauti ikasema:

"Leta."

Ilikuwa ya Dada. Si sauti ya ushujaa wala ya huzuni. Ni ileile ya siku ya radi, ya mtu anayeosha vyombo bila kugeuka.

Na baada yake, kutoka mabenchi ya nyuma, kutoka gizani kule ambako niliwafuta vumbi machoni miaka na miaka, ikaja nyingine. Kisha nyingine. Midomo yao haifunguki. Ilitoka kooni, kama sufuria iliyofunikwa inapoanza kuchemka. Leta. Leta. Leta. Ukumbi mzima.

Ufa ulijifunga hata mstari haukubaki. Mto ulirudi nyuma, nikasikia mawe yakijipanga yenyewe hadi mwisho wa mtaa. Tangu ukuta ujengwe haujawahi kufungwa namna hiyo.

Mnenaji aliangalia mkono wake. Akaukunja, akaukunjua. Kisha akageuka, akautazama mlango wa ukumbi.

"Wamo wangapi humu ndani?"

Nilianza kuelekea mlangoni.

"Mpimaji. Nimekuuliza."

Niliingia ndani. Dada alikuwa ameketi kama nilivyomwacha, uso umeelekea mlangoni, mdomo umebaki wazi kidogo kwa lile neno. Nilipiga magoti, nikalitazama beseni. Nilisubiri kuliko nilivyowahi kumsubiri mtu. Nje watu walikuwa wanashangilia.

Kimya.

Tarehe 22

Nimemwosha. Nimemgeuza.

Tarehe 23

Mvua ndogo.

Tarehe 26

Ninachokijua sasa: kipimo changu ni cha uongo. Tulipima maji tukasema mtu amekwisha. Walikuwa wanasikia. Niliwasema majirani kwa sauti huku nikiwaosha walioganda migongo. Niliwahi kulalamika mbele yao kwamba ukumbi unanuka. Walisikia kila radi, na kila radi waliitika ndani kwa ndani, na mimi nikamwambia Dada ni benchi.

Tarehe 4, Mwezi wa Matope

Nimeitwa mlimani. Chai tena. Mnenaji alikuwa na furaha ya mtu aliyepona.

"Umetutunzia hazina, Mpimaji, wala hukujua. Tulidhani mtu hujaa. Kumbe hajai." Akaniongezea sukari bila kuniuliza. "Kuanzia mvua zijazo hatutawasumbua wapokezi wa mtaani kabla ya walioganda. Unaona? Nilikuwa nakufikiria wewe na dada yako."

"Dada yangu amo humo, mheshimiwa."

"Ndivyo nilivyosema."

Ameagiza wote wahamishwe kutoka chini ya ukuta, wapelekwe kule juu, katika nyumba iliyo chini ya roshani yake, wamsikie vizuri. Ameagiza jamaa zao waje kulala kwenye baraza za nyumba hiyo, wawatunze, kwa kuwa mimi peke yangu sitaweza. Nimeinama, nikashukuru. Nilishukuru kweli, lakini si kwa alichodhani yeye.

Tarehe 5

Nimemsimulia Kicheko yote, hata mpango wangu wa kumficha Dada, ambao aliujua tangu siku ile ya beseni. Ameketi kwenye kizingiti chetu, mguu mmoja umenyooka kama ufagio. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mtaa mzima unahamia mlimani, kwa amri yake mwenyewe."

"Kwa amri yake."

"Na chini hapa hatabaki mtu."

"Hatabaki."

"Na walioganda hawawezi kujizuia wakisikia neno."

"Hawawezi. Hata Dada hakuweza, na alijua."

Akafikiri. Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kwake, akarudi na kitu kimefungwa kwenye gunia. Ilikuwa sufuria yetu. Imepata weusi mpya na mshikio mmoja umelegea.

"Nta huyeyuka vizuri zaidi kwenye sufuria nzito," akasema.

Tarehe 9

Tunahamisha wachache kila asubuhi, juu ya milango tuliyoing'oa. Ni wazito kama vizingiti. Wanenaji wanatupisha njiani, wengine wanasifu bidii yetu. Kabla ya kumtoa kila mmoja, mimi humwosha kama kawaida. Kicheko hukanda nta na pamba kwa viganja vyake, ambavyo ndivyo pekee vinavyomtii bado. Kwanza namwambia mtu karibu na sikio ninachotaka kufanya, na kwamba mvua zijazo hatasikia chochote, si radi wala neno. Kisha naziba. Nywele zinafunika.

Sijui kama wanakubali. Sikuwahi kuwauliza wakati nikiwapima pia.

Tarehe 13

Jua kali. Matope yamekauka yakapasuka.

Tarehe 17

Mwashi tumempeleka leo. Alikuwa bado amesimama pale ukutani. Ilibidi tumlaze.

Wapokezi walio wazima nao wamekuja kwa Kicheko kuomba nta, kwa siku mnenaji atakapolisema neno. Anawagawia kwa foleni, anawatania kwamba sasa wataacha kusikia wake zao. Kwake mwenyewe ameweka kipande mfukoni.

Tarehe 20

Ukumbi ni mtupu, amebaki Dada. Nilimwacha awe wa mwisho makusudi. Kicheko alimchana nywele kwa vidole visivyokunjika vizuri, akamwambia mambo ambayo sikusikiliza. Kisha akatoka nje, akanipigia hodi ya mlango kwa kiwiko kuniashiria wabebaji wamefika.

Mvua zijazo mnenaji atasimama roshani mwake pale juu ya vichwa vyao, ataona mto umejaa, atasema neno kubwa kuliko yote kwa sababu anadhani ana watu wasiojaa. Mtaa wetu utakuwa mtupu kama ule wa yule wa shuleni. Nimekwisha kuona ndani ya roshani yake mahali pazuri pa kutundika mikoba.

Nilikanda nta ya mwisho hadi ikawa laini. Niliziba sikio la kushoto. Nilizunguka upande wa kulia, nikapiga magoti, nikasogeza nywele.

Nilitaka kumuuliza kama yuko tayari. Wengine wote niliwaeleza kwanza, na yeye ndiye aliyestahili kuliko wote kuulizwa. Nilikaa pale nikiwa na swali mdomoni hadi nta ikaanza kuwa ngumu.

Sikumuuliza. Angenijibu, na neno alilonalo ni moja tu.